Mizinga Miwili

Kwetu pande za Runyenjes, mzinga ulikuwa gogo lililochimbwa ndani na kuning'inizwa mtini. Nyuki waliingia, babu akasubiri asali. Mjini Embu leo ukisema "leta mzinga", hakuna atakayepanda mti. Utaletewa chupa kubwa ya pombe kali na glasi kadhaa. Neno ni lilelile, na mizinga yote miwili imewahi kuwalisha wasanii. Swali langu ni: iliwalisha kwa masharti gani?

Nianze na ule wa asali. Muratina ya nyumbani ilitengenezwa kwa maji, asali na tunda kavu la mti wa muratina, lile refu kama soseji. Tunda ndilo hubeba hamira. Kibuyu kilikaa kando ya meko mpaka pombe ichachuke, kisha tunda likaoshwa, likaanikwa juani, likangoja sherehe nyingine. Wageni wa mahari walipokuja, jirani mmoja tuliyemwita Mjomba aliitwa aimbe. Hakulipwa hata shilingi. Alipewa pembe iliyojaa na nafasi karibu na moto.

Siku moja asali ilikuwa kidogo na babu akaongeza sukari. Mjomba akaonja, akasimama, akaimba kwamba nyuki wa boma hili siku hizi wanaenda dukani na kikapu. Watu walivunjika mbavu. Babu alinuna kabisa. Lakini pembe ya pili ilijazwa, na sherehe iliyofuata Mjomba aliitwa tena.

Mzinga wa pili nilikutana nao Meru mjini, miaka kadhaa iliyopita, kwenye usiku wa mashairi. Sponsa alikuwa kampuni ya pombe, na bango lake lilikuwa kubwa kuliko jukwaa. Nilikuwa na shairi kuhusu Mei 2014, wakati pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu nchini, Embu ikiwa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Wengine walipona lakini wakapoteza macho. Nilikuwa bado shule ya msingi na ninakumbuka jinsi watu wazima walivyonong'ona. Dakika kumi kabla nipande, mratibu akanivuta kando: "Si unajua tuko na nani leo? Ruka hizo beti mbili tu." Nikaruka. Nikapigiwa makofi, nikapokea bahasha, nikalipa nyumba.

Kwa hivyo sisemi haya kama mtu msafi.

Riwaya iliyonisaidia kuuelewa usiku ule ni *Petals of Blood* ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka 1977. Huko Ilmorog, Nyakinyua, nyanya yake Wanja, ndiye anayejua siri ya Theng'eta, pombe ya kale. Watu wanakaa kuinywa na ndimi zinalegea. Karega anasimulia mapenzi yake na Mukami, huku Munira, kaka yake Mukami, ameketi palepale. Baadaye pombe hiyohiyo inaingia kwenye chupa, inakuwa kiwanda, na wanaoshiba ni kina Chui, Mzigo na Kimeria.

Wasomaji wengi huishia kwenye wizi wa mali, na ni kweli upo. Mimi naona pia wizi wa masikio. Theng'eta ya Nyakinyua haikumpangia Karega la kusema, na ukweli uliotoka uliwaumiza waliokuwepo. Kiwanda kinahitaji wimbo mmoja tu, unaosema kinywaji ni kitamu. Ngũgĩ anaiona hatari hiyo miaka mingi kabla ya mabango ya usiku wa mashairi, na hiyo ndiyo nguvu ya kitabu.

Ila kuna mahali nabishana naye. Chungu chake kinang'aa mno. Nyakinyua anapika na pia ana sauti. Watu wananyamaza akiongea. Kwetu haikuwa hivyo. Nyanya yangu ndiye aliyechota maji, akakesha na moto, kisha pembe ikaenda kwa wanaume. Mjomba alithubutu kumcheka babu kwa sukari, lakini sikumsikia hata mara moja akiuimba mgongo wa nyanya. Uhuru wake ulikuwa na mpaka, na mpaka ulikuwa pale jikoni. Na walioua Embu mwaka 2014 hawaingii vizuri kwenye ramani ya riwaya: hawakuwa bibi wa kijijini wala wakurugenzi wa Ilmorog. Kati ya chungu na kiwanda kuna uchochoro ambao Ngũgĩ hakutuonyesha.

Mtu atasema tatizo ni wasanii kulipwa kwa pombe. Sidhani. Kule Ufaransa, familia ya Rothschild ya Château Mouton Rothschild imekuwa ikimwalika msanii kuchora lebo ya chupa karibu kila mwaka tangu 1945. Miró yumo, 1969. Chagall yumo, 1970. Malipo ya kawaida ni makasha ya divai. Yaani hao wakubwa walilipwa kama Mjomba! Tofauti ni kwamba Mjomba aliweza kusema pombe imeharibika akiwa bado ameshika pembe. Picha kwenye lebo, hata iwe ya Chagall, kazi yake ni kukaa kwenye chupa.

Hicho ndicho kipimo changu sasa. Nikialikwa na familia au kampuni, siulizi kwanza wanalipa ngapi. Nauliza kama ninaweza kusema sukari imezidi na bado nikaitwa mwaka ujao. Urafiki usioweza kustahimili utani mmoja ni tangazo la biashara, hata kama muziki ni mtamu na bahasha ni nono.

Krismasi iliyopita nilimsomea nyanya shairi lile jikoni kwake. Kwa mazoea niliziruka zile beti mbili, nikagundua nimeziruka, nikarudi kuzisoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kuchambua maharagwe.

"Hizo za katikati," akauliza, "ulikuwa unamwachia nani azisome?"