Mgeni Aliyebaki Kanisani: Ingrid Thulin na Meza ya Bwana

Huenda msharika akashangaa kukuta jina la mwigizaji wa filamu katika kitabu cha imani. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba senema na kanisa ni njia mbili zisizokutana, na wako wazee wa kanisa waliotuita pembeni na kutuonya baada ya kutuona tukitoka kwenye banda la video. Onyo lao halikuwa la bure. Lakini iko filamu moja ambayo sehemu yake kubwa inatokea ndani ya makanisa mawili ya Kilutheri, na ndani yake yumo mwigizaji aliyeketi kwenye benchi la kanisa kwa namna inayotufanya sisi tunaosimama madhabahuni tujitazame upya. Jina lake ni Ingrid Thulin, wa Uswidi. Tunaandika habari zake kwa sababu kazi yake inatuuliza swali ambalo bado hatujalijibu vizuri: yule anayekuja ibadani bila kuweza kusema kwamba anaamini, tunamhesabu kuwa nani?

Ingrid Thulin alizaliwa tarehe 27 Januari 1926 katika mji wa Sollefteå, kaskazini mwa Uswidi, akiwa binti wa mvuvi. Mwaka 1948 alipokewa katika shule ya Dramaten, jumba la kifalme la maigizo mjini Stockholm. Jukwaa ndilo lililomfundisha kazi. Katika miaka ya 1950 alicheza katika jumba la maigizo la mji wa Malmö, ambako mwongozaji Ingmar Bergman alikuwa na kundi la waigizaji waliofanya naye kazi jukwaani na kisha kwenye filamu. Mwigizaji wa jukwaani huzoea kusema maneno mengi mfululizo, bila kukatizwa, mbele ya watu walionyamaza. Tutaona jinsi mazoea hayo yalivyokuja kumfaa.

Filamu zilizompatia jina zilifuata moja baada ya nyingine. Mwaka 1957, katika *Smultronstället*, alikuwa Marianne, mke wa mtu, mjamzito, ambaye mumewe hataki mtoto. Katika safari ya gari anamwambia baba mkwe wake, profesa mzee anayeheshimiwa na wote, kwamba moyo wake ni wa ubinafsi. Mwaka 1958, katika *Nära livet*, alikuwa Cecilia, mama anayepoteza mimba hospitalini. Kwa filamu hiyo tamasha la Cannes liliwatuza waigizaji wanne wa kike kwa pamoja, naye akiwa mmoja wao. Mwaka 1963, katika *Tystnaden*, alikuwa Ester, mfasiri mgonjwa aliyelala katika hoteli ya nchi ambayo lugha yake haijui. Na mwaka 1972, katika *Viskningar och rop*, alikuwa Karin, dada asiyevumilia hata kuguswa mkono.

Hizi si filamu za kuwaonyesha watoto wa Shule ya Jumapili, na yapo ndani yake mambo ambayo hata mtu mzima atayatazama kwa shida. Lakini ukiziweka pamoja utaona jambo moja. Thulin alichagua, au alichaguliwa, kuwa mwanamke ambaye si rahisi kumpenda. Hatuombi tumhurumie. Halii ili nasi tulie. Huo ndio ubora wake, na pengine ndio udhaifu wake pia. Katika Ester na Karin ugumu huo nyakati fulani unakaribia kutufungia mlango kabisa, tukabaki kumstaajabia tu bila kumkaribia. Katika sehemu moja tu, kwa maoni yetu, mlango uliachwa wazi kidogo, nayo ndiyo tunayotaka kuizungumzia.

Kwanza tueleze kilichotangulia. Thulin aliitwa Marekani kucheza katika filamu kubwa ya Vincente Minnelli, *The Four Horsemen of the Apocalypse*, ambayo jina lake linatokana na wapanda farasi wanne wa Ufunuo sura ya 6. Ilitoka mwaka 1962. Watazamaji waliuona uso wa Thulin lakini hawakuisikia sauti yake, kwa kuwa maneno yake yalirekodiwa upya kwa sauti ya mwigizaji mwingine, Angela Lansbury. Walimtaka sura, wakamwacha sauti. Mwaka uliofuata, nyumbani kwao, Bergman alimpa zaidi ya dakika tano za kusema kwa sauti yake mwenyewe, kamera ikimtazama usoni.

Filamu hiyo ni *Nattvardsgästerna*, iliyoanza kuonyeshwa Februari 1963. Mwaka huo una maana kwetu. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri nchini mwetu yaliungana kuwa kanisa moja, hili tulilo nalo leo. Wakati huo askofu wa Kanisa kule Buhaya alikuwa Mswidi, Bengt Sundkler, ambaye mwaka 1964 alimwachia nafasi Josiah Kibira. Kwa hiyo wakati Waswidi walipokuwa wakisaidia kulea sharika zetu zilizokuwa zikijaa, huko kwao mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, maana ndivyo alivyokuwa Bergman, alitengeneza filamu kuhusu kanisa lililobaki na watu wachache, baridi kali, na mchungaji asiyeweza tena kuomba.

Mchungaji huyo, Tomas, amefiwa na mke. Thulin ni Märta, mwalimu wa shule ya kijijini anayempenda. Märta haamini kwamba Mungu yuko, na anasema hivyo waziwazi. Hata hivyo filamu inapoanza, yumo kati ya wale wachache waliopiga magoti madhabahuni kupokea mkate na divai. Thulin, aliyejulikana kwa uzuri wake, hapa amevaa nguo nzito zisizompendeza, pua imeshikwa na mafua, mikono haijui pa kukaa. Hakuna hata mara moja anapotukonyeza kutukumbusha kwamba chini ya makoti hayo yuko mwanamke mzuri.

Märta amemwandikia Tomas barua. Tomas anaifungua akiwa sakristia, na badala ya kumwona akisoma, tunamwona Märta mwenyewe akituambia yaliyomo, macho yake yakitazama moja kwa moja katika jicho la kamera. Hakuna muziki. Hapa ndipo jukwaa la Malmö lilipozaa matunda. Mwigizaji asiye na mafunzo hayo angejaza dakika zile kwa machozi na mapumziko marefu. Thulin anasema kama mwalimu anayeeleza somo ambalo amelifikiria usiku kucha. Anajicheka kidogo, anajisahihisha, anaendelea. Uchungu unaonekana kwa sababu anajitahidi usionekane.

Anaeleza kwamba alipata ukurutu, vidonda vya ngozi vilivyomshika mikono, na alimwomba mchungaji amwombee. Mchungaji hakuweza. Alichukizwa na vile vidonda. Basi Märta, asiyeamini, aliomba mwenyewe, mwanzoni kwa hasira: alimwomba Mungu, kama yuko, ampe kazi ya kufanya kwa nguvu alizo nazo. Na anaamini alijibiwa, kwa kuwa kazi aliyopewa ni kumpenda Tomas. Katika barua hiyohiyo anamwambia Tomas kwamba jambo lililomshangaza zaidi kwake ni jinsi asivyojali habari za Yesu Kristo. Asiyeamini ndiye aliyeliona hilo. Wazee wa kanisa hawakuliona.

Tulipoitazama sehemu hii mara ya kwanza, tukiwa wanafunzi katika chuo cha theolojia, tulimlaumu Tomas kwa urahisi. Tulipoitazama tena baada ya miaka ya utumishi, hatukuweza. Katika usharika wetu wa kwanza alikuwako mama mmoja aliyekuwa ametengwa kwa kuwa aliishi na mwanamume bila ndoa. Kila Jumapili aliketi kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, na wengine walipokwenda mezani yeye alibaki ameketi. Siku moja baada ya ibada alitufuata akatuomba tumwombee mtoto wake mgonjwa. Kamati ya ujenzi ilikuwa inatusubiri. Tulimwambia akamwone mwinjilisti, tena atengeneze kwanza mambo yake na Kanisa. Hakubishana nasi. Jumapili iliyofuata alikuja, akaketi palepale. Baadaye alihama, na hatukuwahi kumwomba radhi. Sala ile ingetuchukua dakika mbili.

Turudi kwa Märta. Mvuvi aliyekuja kwa Tomas kutafuta neno la matumaini anaondoka bila hilo neno na kujiua. Siku hiyohiyo, katika chumba cha darasa, Tomas anamwambia Märta kwamba amechoshwa naye: macho yake mabovu, mikono yake, ukurutu wake, upendo wake wenyewe. Angalia Thulin anavyopokea maneno hayo. Hapigi kelele, na wala hajifanyi mtakatifu anayevumilia. Anashangaa tu, kama mtu aliyepigwa akiwa amelala. Tomas anapomwomba amsindikize kwenye ibada ya kanisa la pili, anakubali kwenda. Hapa mwigizaji mwingine angetuonyesha ushindi wa upendo. Thulin anatuonyesha mwanamke anayevaa koti.

Katika kanisa la pili hakuna msharika hata mmoja aliyekuja. Wako mpiga kinanda, ambaye anamshauri Märta ajiondoe mapema, na mtunza kanisa, mtu aliyelemaa na kuishi na maumivu, ambaye amekuwa akitafakari mateso ya Yesu. Anamwambia mchungaji kwamba anadhani maumivu ya mwili hayakuwa makubwa kuliko yote. Kubwa zaidi lilikuwa kuachwa na wanafunzi, na kisha kimya cha Mungu pale msalabani. Wakati huo Märta, peke yake katika mabenchi, anapiga magoti. Anatamani wawepo watu wanaothubutu kuoneana huruma, na iwepo kweli ambayo wanaweza kuiamini. Thulin anainamisha kichwa. Hatuuoni uso wake vizuri. Mwigizaji tuliyemtazama usoni muda mrefu vile anatunyima uso wake anapoomba, na tunaona hilo ni sawa. Sala si ya watazamaji.

Kisha kengele, na Tomas anaanza liturujia kwa ajili ya mtu mmoja.

Wako waliosema kwamba mwisho huo ni wa kukata tamaa: mchungaji asiye na imani akimhudumia mwanamke asiye na imani. Sisi tunausoma kwa namna nyingine, na tunao msingi wa kufanya hivyo. Ungamo la Augsburg, katika sehemu yake ya nane, linatufundisha kwamba Neno na Sakramenti hufanya kazi hata zinapotolewa na mtumishi asiyefaa, kwa sababu ni za Kristo, si zake. Hiyo ndiyo habari njema kwa Tomas, na kwetu sote tuliowahi kupanda mimbarini mioyo ikiwa mikavu. Na kwa Märta tunao mfano wa Bwana mwenyewe katika Mathayo 21, wa wana wawili walioambiwa waende shambani. Mmoja alisema atakwenda, asiende. Mwingine alikataa, kisha akaenda. Tomas kila Jumapili alisema ndiyo. Märta alisema hapana, lakini ndiye aliyefika, akabaki, akapiga magoti.

Hatusemi kwamba imani si kitu. Luther anafundisha katika Katekisimo kwamba anayestahili Meza ni yule anayeyaamini maneno ya Bwana kwamba vilitolewa kwa ajili yake. Lakini Luther huyohuyo anawatia moyo wanaojiona dhaifu waje, maana mwenye njaa ndiye anayehitaji chakula. Na njaa ndiyo Thulin aliyotuonyesha. Hakuigiza imani, kwa kuwa Märta hakuwa nayo. Aliigiza kuihitaji, na alifanya hivyo kwa ukweli kiasi kwamba imani yetu tuliyoizoea inaonekana kama mtu aliyeshiba na kusinzia.

Ingrid Thulin aliishi miaka mingi Italia, akarudi Uswidi, na akafariki Stockholm tarehe 7 Januari 2004. Hatuandiki haya ili kumfanya mtakatifu wa Kanisa. Alikuwa fundi wa kazi yake, na kazi hiyo imetusaidia.

Linabaki neno moja la Kiswidi. Sisi tunawaita watu wa kanisa letu washarika, yaani wenye sehemu, na ni neno zuri. Jina la filamu hii linawaita wanaokuja mezani wageni, wageni wa Chakula cha Bwana. Pengine tunahitaji kuyashika maneno yote mawili. Msharika anaweza kusahau kwamba meza si yake. Mgeni hasahau, na mwenye nyumba ni Bwana. Jumapili ijayo, kabla ya ibada, tutazame benchi la mwisho karibu na mlango. Kama yuko mtu pale, mzee wa kanisa au mchungaji amwendee, amuulize jina lake na habari za nyumbani kwake. Na akiomba aombewe, kamati isubiri.