Presha ya Mkono

Ukitaka kumjua mpulizaji hodari wa kahawa, inama utazame chini ya majani. Kutu ya majani huingilia huko, kwenye vitundu vidogo vya jani, kwa hiyo mwenye ujuzi huishusha fimbo karibu na shina, nozeli ikitazama juu, kisha huipandisha polepole katikati ya matawi. Hana haraka. Dawa ya kopa huzuia ugonjwa, haiuponyi; palipokosa dawa kabla ya mvua ni mlango wa kutu, na wa chule buni pia, ugonjwa wa matunda ya kahawa. Kwenye miteremko ya Runyenjes na Manyatta kule Embu, au Nkubu na Igoji upande wa Meru, hayo hufanywa na mtu mwenye lita 20 mgongoni, mkono mmoja kwenye mpini wa pampu, wa pili kwenye fimbo.

Dukani ataonyeshwa pia mtungi wa presha, ule unaojazwa hewa kwanza kisha unapuliza bila kupampu tena. Unavutia, maana mkono mmoja unapumzika. Lakini haujazwi pomoni: theluthi moja hivi huachiwa hewa, na dawa inapoisha hewa hiyo imetanuka mara tatu, presha imeporomoka. Ubaya wenyewe hujificha. Presha ikishuka hadi robo, dawa inayotoka hupungua kwa nusu tu, na macho yanaona bado inatoka. Kinachoharibika ni ukungu: matone yananenepa, yanateleza kwenye jani na kudondoka chini. Tone lenye nusu ya upana wa jingine lina dawa kidogo mara nane. Kiasi kilekile cha dawa, basi, kingeweza kutoa matone manane yakashika mahali panane.

Pampu ya mpini nayo ina hewa. Ndani yake kuna chemba ndogo ambamo hewa hubanwa kila mtu anapopampu, ndiyo inayofanya ukungu utoke mfululizo badala ya kuruka kwa vishindo. Ila hewa hiyo ni kidogo, haidumu hatua nyingi, na hapo ndipo mkono unapopata kazi yake. Mpulizaji mzoefu hupampu kwa mwendo mmoja kama mtu anayetwanga. Mteremko ukimtatiza, mguu ndio unaopunguza kasi, mkono hauachi.

Kuna pia mashine ya injini, ambayo feni yake huipasua dawa kwa upepo na kuyatikisa majani hata yakageuka. Kwa mikahawa mirefu ya SL28 katika shamba kubwa, sina ubishi nayo. Lakini shamba la nusu ekari lenye maharagwe pembeni na majani ya ng'ombe kwenye kingo halihitaji upepo wa namna hiyo, achilia mbali bei ya petroli. Mtungi wa presha ningeupeleka kitaluni, kwenye miche michache inayokwisha kabla presha haijalegea. Shambani, nipe mpini.

Heshima yangu kubwa, hata hivyo, ni kwa matunzo. Maji ya mtoni huchujwa kwa kitambaa kabla ya kuingia. Nozeli ikiziba husafishwa kwa unyasi au brashi laini. Waya hupanua tundu, na tundu likishapanuka hakuna mkono wa kulirekebisha. Kupuliza kwa mdomo ni kujilisha sumu. Washa ikikauka, presha hupotea pembeni na mtu hupampu mara mbili kwa kazi moja, ndiyo maana fundi huipaka mafuta kabla ya kuirudisha.

Aina za kahawa kama Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, na Batian ya 2010 zimepunguza kazi ya kupuliza, kwani zinastahimili chule buni na kutu. Wenye SL28 wameing'ang'ania kwa ajili ya ladha yake, na gharama yake wanaijua: kabla ya mvua za Machi, pampu iwe imeshafunguliwa na washa imeshakaguliwa.