Mariska Veres na Ufundi wa Kuimba Wimbo wa Mwenzako

Nyimbo zilizompa Mariska Veres jina hakuzitunga yeye. Zilitungwa na Robbie van Leeuwen, mpiga gitaa wa Shocking Blue, kundi la roki la The Hague, Uholanzi. Labda ndiyo sababu wengi humkumbuka kwa sura tu: wanja mzito machoni na nywele ndefu nyeusi, ambazo zilikuwa za bandia. Naona tumempunja. Kuupokea wimbo wa mtu mwingine na kuuimba hadi watu wasahau kwamba una mtunzi ni kazi ya fundi.

Alizaliwa The Hague mwaka 1947. Baba yake, Lajos Veres, alikuwa Mhungaria wa jamii ya Waroma, mpiga fidla, kwa hiyo muziki ulikuwa mle mle nyumbani. Alipita kwenye makundi kadhaa madogo kabla ya kujiunga na Shocking Blue mwaka 1968, akishika nafasi ya Fred de Wilde. Van Leeuwen alikuwa amepata sauti nzito ya kike, kavu, isiyobembeleza mtu. Sikiliza "Send Me a Postcard" ya mwaka huo huo. Kinanda kinanguruma, ngoma zinakimbia, naye anaimba kwa nguvu zote kama mtu anayedai haki yake, lakini hata pale sauti inapokwaruza hatoki kwenye noti.

Halafu ikaja "Venus", 1969. Gitaa linaanza peke yake kwa kucharazwa haraka, bendi inaingia, kisha yeye. Anaanza chini, karibu na sauti ya mazungumzo, na kila neno analikata mwishoni badala ya kuliburuta. Mwimbaji mwingine angeanza kujionyesha pale pale kwenye ubeti wa kwanza. Mariska anajizuia, na kiitikio kinapofika anapanda bila kupiga kelele, kwa kuwa nguvu alikuwa ameiweka akiba. Kuna hata sehemu isiyo na maneno, ni pumzi na sauti tupu, na hapo ndipo namtambua kuliko mahali pengine popote. Februari 1970 wimbo huo ulishika namba moja Marekani. Hakuna kundi la Uholanzi lililokuwa limefika hapo kabla yao.

Mwaka 1986 Bananarama, kundi la Uingereza la wasichana watatu, waliurudia nao wakafika namba moja huko huko Marekani. Toleo lao linachezeka sana, sauti tatu zikienda pamoja juu ya mashine za ngoma. Lakini ukilisikiliza baada ya lile la awali unagundua kilichopungua: ule uzito wa chini, ule utulivu wa mtu asiye na haraka ya kupendwa.

Maisha ya Mariska hayakufanana na picha iliyouzwa. Hakuwa mtu wa pombe wala vurugu za nyota wa roki. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba zama zile alikuwa kama mwanasesere aliyepakwa rangi, asiyefikiwa na mtu. Kundi lilivunjika mwaka 1974. Nyimbo alizotoa peke yake hazikuvuma, lakini hakuacha kuimba. Mwaka 1993 alirekodi jazi na kundi aliloliita Shocking Jazz Quintet, na mwaka 2003 akarekodi muziki wa Kiroma, ule wa baba yake. Alifariki kwa saratani mwezi Desemba 2006, akiwa na miaka 59.

Vijana wengi walikutana naye bila kujua. Nirvana, kundi la roki la Marekani, walipotoa singo yao ya kwanza mwaka 1988, walichagua "Love Buzz", wimbo wa Shocking Blue wa 1969. Mwimbaji wao, Kurt Cobain, anauimba akiurarua. Mariska aliuimba akiuvuta polepole juu ya besi ile ile inayozunguka, akiacha maneno yachelewe kidogo nyuma ya mdundo. Nimeyasikiliza matoleo yote mawili mara nyingi, na kila mara naona lake ndilo la hatari zaidi.