Fundi Asiyetunzwa

Spika za MacBook ni ndogo, na vikuza sauti vinavyoziendesha vina nguvu za kutosha kuziunguza. Mfumo wa Apple hukadiria joto la koili muda wote na kupunguza sauti kabla ya madhara. Mafundi wa kujitolea wa mradi wa Asahi Linux, walipotaka spika hizo zilie chini ya Linux, wangeweza kufungulia sauti tu na hasara ikamwangukia mtumiaji. Hawakukubali. Waliandika programu ndogo inayosoma volti na mkondo wa umeme, ikapiga hesabu ya joto la koili, ikateremsha sauti inapobidi. Na ikizimika yenyewe, kerneli, yaani kiini cha Linux, huibana sauti isivuke kiwango salama. Kazi hiyo waliirudia kwa modeli moja baada ya nyingine, maana kila modeli ina spika zake na mlio wake. Anayesikiliza muziki hajui lolote kati ya hayo, na huko kutojua kwake ndiko kunakothibitisha ubora wa ufundi.

Apple ilipoitoa chipu ya M1 mnamo Novemba 2020, iliruhusu mashine kuwashwa kwa mfumo mwingine, lakini haikueleza jinsi chipu hiyo inavyofanya kazi. Hector Martin na wenzake wa Asahi Linux, wakitegemea michango ya watu, walitengeneza m1n1, tabaka jembamba linalokaa chini ya macOS na kuchungulia kila amri inayokwenda kwenye vifaa. Hivyo ndivyo walivyojifunza, amri kwa amri. Toleo la kwanza la umma la Asahi Linux lilitoka Machi 2022. Februari 2024, kiendeshi cha michoro kilichoongozwa na Alyssa Rosenzweig kikafaulu majaribio rasmi ya kiwango cha michoro cha OpenGL 4.6, ilhali Apple yenyewe imeishia 4.1. Mwaka mmoja baadaye Martin akajiuzulu. Alitaja uchovu, mivutano na watunzaji wa kerneli, michango iliyopungua, na watumiaji wasiokoma kudai.

Kosa letu liko hapa: tunachangia ahadi, kisha tunasahau matunzo. Kerneli mpya ya Linux hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na kila kiendeshi ambacho hakijaingizwa humo lazima kirekebishwe kiendane nayo. Kazi hiyo haina shangwe wala picha ya kuonyesha. Wakati fundi ameiinamia, swali analopokea ni lini chipu mpya zaidi itafanya kazi, tena kutoka kwa watu wasiomlipa hata senti.

Wapo watakaosema fundi huyo aliingia kwa hiari yake, basi asilalamike. Ni kweli hakuna aliyemlazimisha; lakini hiari ya mtu haimpi mwingine haki ya kumtuma. Wengine watasema msimbo uko wazi, akiondoka mmoja atakuja mwingine. Hili lina uzito zaidi, kwa kuwa wenzake Martin waliushika mradi wakauongoza kwa pamoja. Hata hivyo, msimbo huonyesha kilichofanyika, hauonyeshi majaribio yote yaliyoshindwa wala sababu za kuyaacha. Elimu hiyo imo kichwani mwa aliyehangaika, na huondoka naye. Wengine tena wataitupia Apple lawama. Ni haki, ingetoa nyaraka mzigo ungepungua sana. Lakini ukimya wa kampuni hautuondolei deni letu kwa waliofanya kazi ambayo kampuni haikuifanya.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa wamecheza kwetu, hadharani, tukafaidi bure, na tuzo tuliyowapa ni orodha ya madai. Mchango mdogo wa kila mwezi unaoendelea hata pasipo jipya la kutangazwa, na taarifa ya hitilafu iliyoandikwa kwa adabu, vingewabakisha wengi kazini. Tusipofanya hivyo, kompyuta zitaendelea kutoka kila mwaka, na wa kuzifungua watazidi kuadimika, nasi tutakuwa tumewachosha wenyewe.