Hasara huja wakati wa kutengeneza

Lusenda, kambi ya mashariki mwa Kongo iliyofunguliwa mwaka 2015 kuwapokea Warundi waliokimbia nchi yao, flashi moja inaweza kubeba karatasi zote za mtu: diploma iliyoskaniwa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, TFC (kazi ya kumaliza masomo) ambayo haijatetewa. Umeme ni wa sola au jenereta. Ukikatika kompyuta ikiwa bado inaandika, au flashi ikichomolewa kwa pupa, mara nyingi kinachoumia si faili zenyewe. Linaloharibika ni jedwali la FAT32, ile orodha inayoonyesha kila faili imelala wapi. Picha na maandishi bado yapo palepale.

Flashi ikirudishwa, kompyuta inashindwa kulisoma jedwali, basi inaleta dirisha la Kifaransa linalotaka diski iformatiwe kwanza. Mwenye flashi ana haraka, aliyekaa kwenye kompyuta anataka kumsaidia. Anakubali.

Formati ya haraka huweka jedwali jipya tupu, na data ya zamani hubaki chini yake. Formati kamili ni jambo jingine: tangu Windows Vista, huandika sifuri kila mahali, na hapo hata fundi hodari hana la kufanya. Chkdsk, amri ya Windows ya kurekebisha diski, nayo ina hatari yake. Inapolazimisha jedwali likae sawa, inaweza kuvunja faili na kukuachia vipande vyenye majina kama FILE0000.CHK.

Hata wakubwa yamewakuta. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, alikuwa akihangaika kutengeneza seva ya pili ya hifadhidata iliyoachwa nyuma na ile kuu. Akaamua kufuta folda ya data ili aanze upya, lakini amri akaiandika kwenye seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili. Katika gigabaiti zipatazo 300, zilibaki 4.5. Nakala za kila siku nazo zilikuwa zimeshindikana kimyakimya, kwa sababu programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo la zamani kuliko hifadhidata, na barua pepe za onyo zilikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliipiga kwa mkono saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa.

Kwa hiyo, dirisha lile likitokea, jibu ni kukataa. Usinakili kitu chochote kwenye flashi hiyo, hata faili moja ndogo, maana huenda ikakaa juu ya diploma ya mtu. Kwanza toa nakala ya flashi nzima kwa programu ya ddrescue, uiweke kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Kisha ifanyie kazi nakala hiyo kwa PhotoRec, programu ya bure isiyotegemea jedwali: hutafuta alama za mwanzo wa faili, kwa mfano herufi PK kwa hati za Word za .docx. Faili zilizotawanyika vipandevipande mara nyingi hutoka zimeharibika.

Mwenye flashi aambiwe mapema kwamba zitakazorudi zitakuwa zimepoteza majina. Diploma itatoka na jina la herufi f na namba tu katikati ya mamia ya picha, na mtu atalazimika kukaa azifungue moja moja mpaka aione.