Vitundu vya Bosch kwenye Mtungi wa Amonia

Mbolea za uria na CAN zilizopangwa dukani ni watoto wa mama mmoja, amonia. Naitrojeni imejaa hewani, takriban asilimia 78, lakini atomi zake hutembea mbili mbili, zimefungana kwa vifungo vitatu ambavyo mahindi hayana uwezo wa kuvikata. Mwaka 1909, mjini Karlsruhe, Ujerumani, Fritz Haber aliiunganisha na haidrojeni kwa joto kali, mgandamizo wa karibu mara 200 ya ule wa hewa, na kichocheo cha osmiamu. Amonia ikadondoka, tone kwa tone.

Sifa nyingi humwendea Haber. Mimi ningemwongezea Carl Bosch wa kampuni ya kemikali ya BASF, aliyetakiwa kuyageuza matone hayo kuwa tani. Osmiamu ilikuwa adimu mno. Mkemia wa BASF Alwin Mittasch na wenzake wakajaribu maelfu ya michanganyiko, wakatua kwenye chuma chenye alumina na potasiamu kidogo. Ukabaki mtungi wenyewe. Mitungi ya kwanza ya chuma cha kaboni ilipasuka baada ya siku chache tu, kwa kuwa haidrojeni ilipenya ndani ya chuma na kuinyofoa kaboni inayokipa uimara. Bosch hakuhangaika kuizuia isipenye. Alitia bitana ya chuma laini chenye kaboni kidogo, kisha akatoboa vitundu kwenye ganda la nje ili haidrojeni iliyovuja ipate pa kutokea kabla haijaleta madhara. Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi.

Amonia ikishapatikana, yaliyobaki ni mepesi. Ichome kwa hewa juu ya wavu wa platinamu, pitisha gesi zake kwenye maji, ni asidi ya nitriki. Kutanisha asidi hiyo na amonia, ni amonia naitreti, mbolea inayoweza pia kulipuka: mwaka 1921, hapo hapo Oppau, lundo la mbolea yenye chumvi hiyo liligandamana, wakalilegeza kwa baruti kama walivyozoea, na zaidi ya watu 500 wakafa. Amonia naitreti ikichanganywa na unga wa mawe ya chokaa inatulia. Hiyo ndiyo CAN. Uria haipiti kwenye asidi kabisa, ni amonia na kaboni dayoksaidi chini ya mgandamizo.

Mfuko wa kilo 50 wa uria una kilo 23 za naitrojeni, wa CAN kama 13. Kwa hesabu hiyo uria inashinda, ila ukiimwaga juu ya udongo wenye unyevu ukaondoka, kimeng'enya cha vijidudu huirudisha kuwa amonia, nayo hupaa. Chimba kishimo pembeni ya shina, uifukie.