Kufungwa kwa Jukwaa Dogo: Hadhira kama Matini katika Kitale na Bungoma

Uhakiki wa sanaa za maonyesho nchini Kenya umezoea kifo cha aina moja cha kikundi cha kijamii, nacho ni kifo cha Kamiriithu. Mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulianza kuonyeshwa huko Limuru tarehe 2 Oktoba 1977. Kufikia tarehe 16 Novemba kibali chake kilikuwa kimefutwa, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Machi 1982 kituo chenyewe kilifutiwa usajili, na askari wakaubomoa ukumbi wa wazi ambao wanakijiji waliujenga kwa mikono yao. Kisa hiki kina amri, kina tarehe, kina mtesi na mteswa. Kwa ufupi, kina muundo wa tamthilia. Si ajabu kwamba kimerejelewa mno.

Tatizo huzuka pale kisa hicho kinapofanywa kipimo cha kila jukwaa linalofungwa. Katika miji kama Kitale na Bungoma, kikundi kidogo kinachoigiza sokoni au kwenye uwanja wa shule kwa udhamini wa mradi wa afya hakihitaji askari ili kinyamaze. Mageuzi ya sheria ya 1997 yalikwisha kulegeza masharti ya vibali vya maonyesho. Kinachokiua ni kumalizika kwa mradi: nauli na posho hukatika, waigizaji hutafuta riziki kwingine, ngoma hurudishwa kwa mwenyewe. Fedha za Marekani, zilizogharimia sehemu kubwa ya kazi za afya magharibi mwa Kenya, zilisimamishwa Januari 2025, na kufikia Julai shirika la USAID likawa limeacha kazi hiyo. Kufungwa kwa namna hii hakuna anayekutangaza, na kwa hiyo hakuna anayekuhakiki.

Aidha hakuna matini. Ngaahika Ndeenda ulichapishwa mwaka 1980, ukasomwa na watu wasiowahi kufika Limuru. Mtindo uliotumiwa na miradi hiyo tangu miaka ya 2000, unaojulikana kama magineti, hauna mswada wa kuhifadhiwa. Waigizaji hurudi mahali palepale, kwa hadhira ileile, wakiwa na kisa kinachokatizwa pale mhusika anapokwama kati ya maamuzi mawili. Mwezeshaji huwageukia watazamaji; mmoja wao huingia jukwaani na kuigiza uamuzi wake, mwingine humpinga. Anayekuja leo anajua kilichosemwa safari iliyopita. Ni wazi basi kwamba kazi ya sanaa haimo katika kisa, ambacho mara nyingi ni chepesi, bali katika mazoea ya hadhira kujibizana hadharani.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi likitazamwa kando ya kumuse, hotuba ya kumbukumbu ya Wabukusu baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima. Msemaji hutembea katika njia iliyoachwa wazi kati ya waombolezaji, akisimulia historia, akionya na kupatanisha, wala hakatizwi. Mamlaka yake yanatokana na ukimya wa wanaomsikiliza. Magineti huuvunja ukimya huo. Kijana na mwanamke, ambao katika kumuse ni wasikilizaji tu, hupata zamu ya kusema mbele ya wazee. Na katika eneo lililopitia mapigano ya ardhi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na yale ya Mlima Elgoni ya 2006 hadi 2008, Mbukusu, Msabaoti na Mturkana kubishana mbele ya watu kwa Kiswahili, bila silaha, si jambo dogo hata kama mada yenyewe ni chandarua.

Imedaiwa kwamba michezo ya miradi ni tangazo la mfadhili lililovikwa vazi la sanaa. Dai hili ni la haki kuhusu visa. Vingi huishia pale mfadhili alipotaka viishie. Lakini linapima kile tu ambacho mfadhili alikigharimia. Majibu ya watazamaji hayakuwamo katika bajeti.

Namna ya kuyafuata majibu hayo ipo tangu zamani, tena katika historia ileile ya Kamiriithu. Maitũ Njugĩra ulipofungiwa milango ya Jumba la Kitaifa la Maonyesho, Februari 1982, maelfu ya watu waliuona mchezo huo katika mazoezi tu, Chuo Kikuu cha Nairobi. Ingrid Björkman, katika kitabu chake cha 1989, aliwaendea waliokuwa wametazama mazoezi hayo, akawauliza waliona nini na walielewa nini. Mchezo uliozimwa ukapatikana, kwa kiasi fulani, midomoni mwa hadhira yake. Wanafunzi wa uzamili wanaoendelea kuandika tasnifu juu ya tamthilia zilizokwisha chapishwa wangeweza kufanya hivyo Kitale na Bungoma kwa gharama ya nauli ya matatu. Wauza mboga na waendesha bodaboda waliowahi kupanda jukwaani na kumpinga mhusika wangali sokoni, na bado wanakumbuka walichosema.